Kile Nilichoandika Kuwa Kimegeuka Madini

Siku ile ya chai na keki ya kuniaga mliniomba, wenzangu wa idara ya picha za eksirei, niwaandikie kidogo juu ya kazi. Nadhani mlitaka ushauri. Ninao mmoja tu: vaeni aproni ya risasi ya kuzuia miale hata kama joto la Garissa linawaambia mvue. Yaliyobaki ni mambo ambayo mimi mwenyewe sijayaelewa vizuri, na nimestaafu nayo hivyo hivyo. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi.

Nilifika Garissa nikitoka Mwingi, kijana mwenye cheti kipya na sweta. Sweta ile mama alinilazimisha kuibeba, na kwa miaka thelathini na mitano sikuivaa hata siku moja. Aliyenipokea alikuwa Mzee Galgalo, Mborana wa upande wa Wajir, mrefu, mkavu, ambaye alianza kuosha filamu za eksirei kabla mimi sijajua kuoga peke yangu. Hakuwa na cheti chochote. Aliniangalia, akaiangalia sweta, kisha akaniuliza, "Habari ya Kenya?"

Nilimwambia kwamba hapa pia ni Kenya. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwacha mtoto aendelee kuamini anachoamini.

"Sawa. Hapa kuna chumba mbili," akasema. "Moja ya mwangaza, moja ya giza. Kazi iko kwa ile ya giza."

Ninyi wa kompyuta hamkijui chumba cha giza, na sioni mlichokosa isipokuwa harufu. Kulikuwa na matangi matatu. La kwanza lilikuwa na dawa ya kutoa picha, la pili dawa ya kuishika picha isifutike, la tatu maji ya kusuuza. Dawa ilitaka ubaridi, nao ubaridi Garissa ni bidhaa adimu. Tulinunua barafu kwa muuza soda, tukaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuining'iniza ndani ya tangi. Mfuko ukipasuka, dawa ilizimuka na wagonjwa wote wa siku hiyo wakatoka na mifupa ya kijivu. Hata leo sijui ni watu wangapi tuliwaambia mifupa yao ni dhaifu kumbe ni barafu.

Mzee Galgalo ndiye aliyenifundisha habari ya hirsi, yaani hirizi. Wagonjwa wengi walizivaa mkononi au kiunoni, nyingine zimeshonewa ngozi, nyingine zimo ndani ya kikasha cha bati, na bati hutokea kwenye picha kama dirisha jeupe katikati ya mbavu. Mimi nilikuwa nikiwaambia wazivue. Wengine waliinuka wakaenda zao, na mguu uliovunjika vile vile. "Usimwambie afue," Mzee alinikanya. "Mwambie asogeze. Ukitaka bicha ya kulia, isogee kushoto. Mtu hawezi kufua kitu inamlinda mbele ya mashine inalia namna hii." Tangu siku hiyo sikumvua mtu hirsi.

Wiki ya pili nilifanya kosa ambalo nadhani haliwezi kutokea mahali penye maji mazuri. Alikuja dereva wa lori lililopeleka unga kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, analalamika kiuno. Nikampiga picha, nikaiosha, nikaianika kwenye kamba, nikaichukua ikiwa imekauka. Figo ya kushoto ilikuwa na mawe matatu, meupe, ya mviringo, mazuri kabisa. Nilikimbia nayo kwa daktari wa zamu. Daktari akamwambia dereva, na dereva akaanza kunitajia watoto wake mmoja mmoja na nani atawatunza.

Mzee Galgalo akaja, akaiinua filamu dirishani, akalamba kidole na kufuta. Mawe yakatoweka.

"Hii si mawe ya dereva," akasema. "Ni mawe ya maji."

Kisima chetu cha enzi hizo kilikuwa na maji mazito. Tone likibaki kwenye filamu, upepo hulikausha, na madini yaliyomo hubaki yamekaa kitako kama ugonjwa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Dereva naye hakufurahi kama nilivyotarajia. "Sasa kama hakuna mawe, nini inaniuma?" akauliza. Aliondoka na kiuno chake, nami nikabaki na kitambaa cha kufutia filamu, na kwa miaka mingi sikuandika neno kabla ya kufuta kwanza.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Vitabu vyetu vya Kizungu vina kitenzi kimoja ambacho kwa Kiswahili tunaweza kusema tu "kugeuka madini". Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona, lile kovu la pafuni huanza kujaa chokaa kidogo kidogo, likawa gumu na jeupe: limegeuka madini. Mishipa ya mzee nayo hugeuka. Hata mdudu aliyekufa ndani ya ini la mfugaji hugeuka. Mzee Galgalo alikuwa na maelezo yake, na sijapata kusikia bora kuliko hayo: "Mwili ikishindwa kufukuza mgeni, inamjengea nyumba ya mawe. Basi, wanakaa kwa amani."

Mimi nililipenda neno hilo. Lilikuwa neno la kufunga faili. Ukiandika kwamba kitu kimegeuka madini, daktari anasoma, anashusha pumzi na kumwita mgonjwa mwingine. Maana yake ni ya zamani, imetulia, achana nayo. Nimeliandika mara nyingi sana hata mkono wangu ulilijua kuliko mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza, "Mutua, hilo neno lina maana gani hasa?" Ningeulizwa mapema, labda ningejiandaa.

Mzee Galgalo alirudi kwao Wajir, kisha zikaja habari kwamba amefariki. Kisha ikaja mashine ya kompyuta. Matangi yakatolewa, chumba cha giza kikapakwa rangi nyeupe na kuwekwa mafagio. Sikulia, lakini niliingia humo mara moja nikafunga mlango, nikasimama na mafagio kwa muda.

Ayeyo Habiba aliletwa miaka michache kabla ya mimi kustaafu. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na ndivyo kila mtu alivyomwita. Alitoka Sangailu, mfugaji wa ng'ombe, mwembamba, macho makali, mtu wa kukuamkia kwa kukukagua. Siku tatu chakula hakikuwa kimekaa tumboni, na tumbo lilikuwa limefura na kukaza. Bintiye Fatuma, anayeuza maziwa sokoni na kuishi mtaa wa Waberi, ndiye aliyekodi gari la kumleta. Alinisalimu kwa kuniita adeer, baba mdogo, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

"Adeer, tafadhali fanya haraka. Huyu mama hajawahi kulala chini mchana. Akilala mchana, ujue ni mbaya."

Nesi alimlaza, nikapiga, nikaenda kwenye kioo cha kompyuta. Katikati ya tumbo, kulia kidogo, palikuwa na kitu cheupe, ukubwa wa tikiti dogo.

Mtanicheka. Nilitafuta kitambaa nikafuta kioo. Nilikifuta kweli, mara mbili. Zamani ningeweza kuyalaumu maji. Nikamwomba nesi aangalie hirsi. Akasema Ayeyo anayo moja ndogo mkononi, ya ngozi tu. Nikapiga picha ya pili, ya ubavu. Safari hii niliona vizuri. Kulikuwa na mbavu nyembamba zimepangana kama meno ya kitana, mguu umekunjwa, na kichwa kimeinama. Nilihesabu pingili za mgongo wa Ayeyo, nikakuta na mgongo mwingine, mdogo, unaoutazama wake.

Nilikaa. Nilijua kwenye vitabu kwamba jambo kama hili hutokea, mara chache mno: mimba inashika nje ya mji wa mimba, inakua, inakufa, na mwili usipoweza kuitoa unaifunika kwa chokaa. Lakini kitabuni ni kitabuni. Huyu alikuwa hapo nyuma ya ukuta, anamuuliza nesi kwa Kisomali kama mashine imemaliza kulia.

Nikaandika ripoti. Niliandika kwamba kuna uvimbe wa zamani upande wa kulia, umegeuka madini, na utumbo umejisokota juu yake. Kila neno lilikuwa kweli, au nilidhani hivyo. Ukiniuliza kwa nini niliandika uvimbe, nitasema mkono ulizoea. Ukiniuliza mara ya pili, nitasema niliogopa, nikajificha nyuma ya neno.

Daktari Wanjohi, mpasuaji wetu, aliitazama picha akapiga mluzi. Si mtu mbaya, na mkono wake ni mzuri. Alisema Ayeyo apasuliwe siku hiyo hiyo, la sivyo utumbo utaoza na atakufa. Akasema pia kwamba kitu kama hicho mpasuaji hukiona mara moja maishani, au hakioni kabisa, na kwamba wanafunzi wa udaktari wangefaidika nacho. Akajaza fomu ya idhini kwa kufuata ripoti yangu: uvimbe uliogeuka madini, utatolewa, utapelekwa maabara, kisha utahifadhiwa chupani.

Fatuma aliisoma fomu na kumtafsiria mama yake, nami nikiwa nimesimama mlangoni. Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza Kiswahili, kwa sababu alitaka sisi tusikie.

"Ufimbe gani? Hiyo ni mtoto."

Fatuma akamgeukia. "Mama, mtoto gani?"

"Ya kwanza. Kabla yako." Alivuta pumzi, maana hata kusema kulimuuma. "Mwaka ile ng'ombe yote ilikufa. Tulikuwa tunahama. Uchungu ikanishika njiani, siku mbili, halafu ikawacha. Mtoto hakutoka. Mama yangu akashika tumbo, akasema, amelala. Basi nikangoja aamke."

"Na mimi?" Fatuma aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mimi nilikaa humo na yeye?"

"Wewe na ndugu zako yote. Hakuwasumbua."

Fatuma akaketi pembeni ya kitanda, mkono mdomoni. Daktari Wanjohi akaeleza kwa upole kwamba lazima apasuliwe, na mapema. Ayeyo akakiangalia kidau cha wino cha kutia dole gumba, akakisukuma mbali.

"Nyinyi mumeandika ni madini. Kama ni jiwe, wachana nayo, ikae ndani, nitakufa na jiwe yangu. Kama ni mtoto, toa. Lakini mnipe, nimzike. Chupani haendi."

"Mama, utakufa!" Fatuma alisema.

"Kila mtu atakufa, wallahi. Hii mtoto amekufa na hajazikwa. Mimi nitamwambia nini Mungu?"

Daktari alinivuta hadi kwenye korido. Alikuwa amekasirika, lakini nadhani aliikasirikia saa kuliko mtu. "Mutua, hospitali ina utaratibu wake. Mtu huenda mochari akapewa jamaa zake. Kitu huenda maabara. Mimi nimefuata ripoti yako. Wewe ndiye uliyeandika. Ni nini?"

Hapo ndipo niliulizwa, baada ya miaka yote ile. Nilirudi kwenye kioo, nikaitazama picha tena, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kitu kikigeuka madini, kile cha kwanza kimekwenda wapi? Kimeisha, au kimo humo humo? Kovu la kifua kikuu tunasema limegeuka, lakini bado tunaliita kovu, na bado ni la mtu fulani. Nikaangalia mifupa ya Ayeyo mwenyewe, uti wa mgongo na nyonga, myeupe kwenye kioo kwa sababu ile ile iliyomfanya yule mdogo kuwa mweupe: chokaa. Mifupa yote ni madini. Maisha yangu yote nilikuwa nikipiga picha za madini ya watu, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba mguu wake ni jiwe. Neno nililolitumia kufunga mafaili halikuwa limetenganisha kitu na mtu hata mara moja. Ni mimi niliyelitumia hivyo.

Sidai kwamba nilielewa. Nilikuwa sielewi, na ndani kule mtu alikuwa akiumwa. Nilifungua ripoti, nikaandika chini ya ile ya kwanza: "Marekebisho. Si uvimbe. Ni mtoto mmoja, mimba iliyokomaa, alifariki zamani. Mwili wake umegeuka madini." Nikatia sahihi na jina langu lote.

Daktari Wanjohi aliisoma akiwa amesimama. "Unajua watakuuliza kwa nini kuna ripoti mbili za mgonjwa mmoja kwa saa moja?"

"Watauliza."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ya kwanza niliandika bila kuelewa."

"Na ya pili?"

"Hata ya pili, daktari. Lakini ya pili nilitazama."

Daktari aliichukua fomu yake. Alikuwa ameitaka sana ile chupa, na sikumlaumu. Kisha akaichana fomu ya kwanza, akaenda kuandika nyingine kwa mkono wake. Ayeyo aliambiwa na Fatuma kilichoandikwa, neno kwa neno, na akamfanya alirudie. Ndipo alipotoa dole gumba.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Utumbo uliokolewa wote isipokuwa kipande kifupi. Mtoto alitoka mzima, namaanisha hakuvunjika, na Daktari Wanjohi mwenyewe alimfunga kwenye blanketi. Sheikh wa ukoo wao alisema kwa simu kwamba mtoto aliyekamilika viungo huoshwa, huvikwa sanda na huzikwa, na anastahili jina. Jina likawa Iman, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua kama ni wa kiume au wa kike, na Iman huwafaa wote. Wanawake wanne walikuja kuosha. Nesi aliyekuwepo aliniambia kwamba walimwagia maji polepole, na mmoja akawa anayapima kwanza kwa kiwiko yasiwe ya moto.

Mimi nilidhani kazi yangu imeisha. Lakini karani wa mochari akaja na kibali cha maziko, uso umemkunjamana. Kompyuta yake ilikuwa imekataa. Kuzaliwa ni leo, kufa ni zamani, na kompyuta haikubali mtu afe kabla hajazaliwa. Alikuwa amejaribu kuandika kwamba alikufa leo, dhamira ikamsuta. Alikuwa amejaribu kuandika kwamba alizaliwa zamani, ikamdai namba ya cheti. Mwishowe akachukua fomu ya karatasi, ambayo haina ubishi, akaniletea mimi kwa kuwa jina langu ndilo lililokuwa kwenye ripoti.

"Nimebakiza umri tu," akasema. "Niandike sifuri?"

Sifuri ilionekana si sawa, na nambari nyingine yoyote ilionekana kichaa. Nikaichukua fomu hadi wodini. Ayeyo alikuwa amelala chali, mrija puani, uso mdogo kuliko alipoletwa, lakini macho ni yale yale. Fatuma, aliyekuwa na miaka thelathini na minane, alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Nilimweleza Ayeyo shida yetu, nikajisikia mjinga nikiieleza. Nikamuuliza tuandike mtoto ana umri gani.

Alihesabu kwa vidole, taratibu, akitaja chini chini kiangazi kimoja kimoja na mvua moja moja, mpaka nikadhani amesinzia.

"Andika arobaini," akasema. "Hata mwaka moja sijamweka chini."

Nikaandika arobaini, nikampelekea karani, naye akapiga muhuri.